Dawa ya Bati Ndani ya Redio ya Zahanati

Kijana akiniletea bodi aliyoilehemu mwenyewe, kwanza huinusa. Najua mnanicheka. Mjukuu wangu ameshawaambia wenzake kwamba babu hunusa redio kama mtu anayechagua papa sokoni, nanyi mnaokuja hapa barazani na vikuza sauti vyenu vya kujitengenezea mmezoea kunikabidhi bodi na kungoja pua yangu imalize kazi. Mnadhani ni ufundi. Ni hofu tu, wanangu. Niliipata Malindi miaka ya themanini, nilipokuwa kijana kama ninyi, na mpaka leo haijanitoka.

Juzi mmoja wenu, simtaji jina asije akasusa chai yangu, alinijia na kikuza sauti alichokitengeneza kwa kufuata mafunzo ya kwenye simu. Kazi nzuri, waya zimenyooka, lehemu inang'aa. Nikainusa, nikasikia harufu ya kuchoma pua. Nikamuuliza ametumia dawa gani, akanionyesha mkebe alioununua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Umeandikwa kwamba ni dawa ya kulehemu, na muuzaji hakumdanganya, maana ni ya kulehemu kweli, ila ni ya mabomba ya maji. Nilimkalisha tukaiosha bodi ile mpaka chai ikapoa. "Babu, kwani ina nini? Mbona inafanya kazi?" akaniuliza. Swali hilo hilo aliwahi kuniuliza muuguzi mmoja, na siku hiyo sikuwa na jibu zuri.

Kwa wale wageni wa kazi hii, nieleze kidogo. Shaba ikikaa hewani huvaa utando, hata kama macho hayauoni, na lehemu haipendi utando. Ukiiyeyusha juu yake hujiviringa kama tone la maji juu ya jani la mgomba, ikaanguka. Kazi ya dawa ni kuula utando ule kwa joto ili lehemu ishike shaba yenyewe. Basi dawa zote ni walaji. Tofauti ni kwamba moja hushiba kazi ikipoa, na nyingine haishibi.

Inayoshiba ni ulimbo wa msonobari, kile kipande cha rangi ya asali kinachovunjika kama sukari guru. Ukipoa hukauka ukalala. Isiyoshiba ni dawa ya bati. Jirani yetu huko Malindi nilikofanya kazi, fundi wa makarai na koroboi, aliipika mwenyewe. Alichukua asidi, akatumbukiza vipande vya magamba ya betri kavu zilizokwisha, ikachemka na kutoa mvuke mpaka ikatulia, hapo akasema imekufa. Haikufa. Dawa ile hunyonya unyevu wa hewani, na kila ikipata unyevu huendelea kula. Kwenye karai si neno, karai huoshwa kila siku. Kwenye waya wenye nyuzi nyembamba kama za kushonea, ni balaa.

Nilifanya kazi kwa Bi Rukia, kwenye kichochoro cha mji wa kale. Duka lile la kutengeneza redio lilikuwa la mumewe, na mume alipofariki watu wote walidhani mjane atauza vyombo. Yeye akavuta kiti cha marehemu akakikalia. Wateja walimkabidhi redio wakamuuliza fundi yuko wapi, akawajibu fundi anakuja, akaingia ndani, akalehemu, akatoka, akawaambia fundi amemaliza. Kwake dawa ya bati ilikuwa marufuku kupita mlangoni. Jirani akitaka kuja kupiga soga, alinawa kwanza.

Msidhani naye hakukosea. Kuna wakati ulimbo ulikosekana Malindi, na Mombasa wakatuambia tusubiri. Bi Rukia hakuwa mtu wa kusubiri. Alisema ubani nao si ni utomvu wa mti, kwa nini usifae. Akatoa punje za ubani kwenye kijaluba chake, akazisaga, akaichovya pasi ya kulehemu mle. Moshi ukajaza kichochoro kizima. Punde majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wanawake wamejitanda vizuri, wanaume na kofia zao, wakiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka. Bi Rukia akawajibu bila kuinua kichwa, "Hajafa mtu. Imekufa redio ya Bwana Omari, nayo nimeiua mimi." Ubani uliungua ukawa masizi kwenye ncha ya pasi na lehemu haikushika hata kidogo. Tulikwangua mpaka adhuhuri, na duka likanukia hitima kwa muda mrefu.

Kuchagua dawa kwa kweli ni rahisi. Kazi ya redio, simu, vikuza sauti, vyote hivyo, tumia ulimbo, au ule waya wa lehemu wenye ulimbo ndani yake. Kilichotutoa jasho ni kusafisha. Ulimbo hautoki kwa maji. Ukiuosha kwa maji hugeuka mweupe na kunata. Hutoka kwa spiriti, ile ile tuliyowashia stovu. Nayo ina adabu zake. Pasi izimwe na ipelekwe mbali, ndipo chupa ifunguliwe, kwa sababu moto wa spiriti mchana hauonekani, utajua umewaka pale nyusi zinapoungua. Kisha uiinamishe bodi, usugue kuelekea chini, uchafu umiminike nje. Wengi hupaka spiriti, wakaona bodi inang'aa, wakaridhika, kumbe wameutoa ulimbo kwenye kiungo kimoja wakautandaza kote. Rudia kwa spiriti safi, ufute kwa kitambaa kabla haijakauka. Na uilinde swichi na kidude cha kuongezea sauti, maana ulimbo uliolainika ukiingia mle ukakauka, umetia gundi.

Brashi yetu ilikuwa kijiti cha mswaki kilichopondwa ncha. Bi Rukia hakuziamini brashi za dukani. Kila mmoja wetu alikuwa na kijiti chake, na siku moja mwenzangu Mutua alijisahau akakitia kinywani. Alitema mate mpaka jioni.

Siku hizi mnanunua dawa ndani ya bomba kama la sindano, na nyingine zimeandikwa kwamba huoshwa kwa maji. Hizo msizilaze. Zioshwe siku hiyo hiyo, na mjue ni maji gani. Visima vya Malindi vina chumvi, hakuna asiyejua ladha ya chai yake. Ukiosha dawa kwa maji ya kisima umemfukuza mlaji mmoja ukamkaribisha mwingine. Bi Rukia aliweka mtungi wa maji ya mvua uliofunikwa, wa kuoshea redio peke yake, na mgeni mmoja alipoyanywa alisemwa mpaka akaomba radhi.

Mimi nilimwamini kwa sababu ya redio za Gongoni. Vibarua wa mashamba ya chumvi walituletea redio zao, nami niliweza kuijua redio ya Gongoni kabla mwenyewe hajataja atokako. Ukifungua, viungo vimeota unga wa kijani, waya zimekuwa kama majani makavu, na hapo ni hewa tu ya chumvi, hakuna aliyekosea. Nilikuwa nikiwaza hewa hiyo ikutane na dawa isiyokufa itakuwaje. Bi Rukia alisema nina wasiwasi kama mtu mwenye kuku mmoja.

Mutua hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa mtoto wa fundi wa bati kutoka upande wa Machakos, mkono mwepesi, mcheshi, wateja walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Kwao, alisema, baba yake alilehemu hata waya za redio kwa dawa ya bati na zikakaa miaka. Sikumbishia. Kule hewa ni kavu, kiatu ukikisahau nje unakikuta vile vile. Hapa kwetu kiatu huota ukungu chini ya kitanda. Mutua alikwisha kuona hayo kwa macho yake, lakini mkono wa mtu hukumbuka kwao.

Sasa niwaambie la dada yangu. Kadzo ni mkubwa wangu, aliolewa upande wa bara, ng'ambo ya Marafa, na mwaka ninaousema alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Mimba iliyotangulia ilimtoa damu nyingi. Mtoto hakuishi. Yeye alinusurika kwa sababu zahanati ya kule ilikuwa na redio ya kuita gari la wagonjwa kutoka Malindi. Simu hazikuwepo. Redio ile, betri ya gari chini ya meza na sista mmoja, ndiyo yote waliyokuwa nayo. Redio ikinyamaza, mgonjwa alibebwa na kitanda chake mpaka barabarani, na huko akangoja bahati.

Redio ikaharibika, ikaletwa kwetu. Waya wa maiki, kile kipaza sauti cha kubonyeza ndipo usikike, ulikuwa umekatika ndani ya plagi. Siku hizo mimi nilikuwa nimelazwa chini na homa, Bi Rukia amekwenda Lamu kwenye harusi ya mpwa wake, na dukani alibaki Mutua peke yake. Niliporudi kazini redio ilikuwa imeshachukuliwa.

"Ile ya zahanati imekubali mara moja," Mutua akaniambia kwa furaha.

"Waya wake haukuwa mweusi?"

"Mweusi kama sufuria ya ugali. Ulimbo ulikataa kabisa."

"Ukaukata mpaka kwenye shaba safi?"

"Ningeukata vipi? Sista ametuma neno waya usipunguzwe hata kidogo. Anaongea na Malindi huku amemshika mgonjwa kitandani. Nimechukua dawa kidogo kwa jirani, ikashika hapo hapo. Na nimeosha, usinitazame hivyo."

"Umeosha kwa maji gani?"

"Ya ndoo."

Maji ya ndoo yalikuwa ya kisima. Nilikaa kwenye kigoda nikahisi ile homa inarudi. Waya wa nyuzi nyuzi huvuta dawa kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, ikapanda ndani ya ngozi ya plastiki, mahali ambapo maji hayafiki hata uoshe namna gani. Nje utaona kiungo kinang'aa. Ndani mlaji yuko mezani.

"Karisa, wewe unaogopa kila kitu," Mutua akasema. "Redio inaongea."

Hapo ndipo penye shida, kwamba ilikuwa inaongea. Ingekuwa imenyamaza wangeirudisha. Hii itaongea leo, itaongea kesho, itanyamaza siku sista atakapobonyeza huku dada yangu amelala pale anatokwa na damu. Mutua nilimpenda, hata sasa nampenda, lakini siku hiyo sikuweza kula naye.

Asubuhi nilipanda lori tupu la chumvi lililokuwa linarudi Gongoni. Nilibeba pasi nzito ya shaba, ile ya kupasha kwenye makaa, kwa sababu zahanati haikuwa na umeme. Nilibeba ulimbo, lehemu, chupa ya spiriti na kijiti changu. Maji ya mvua niliyasahau juu ya meza ya duka. Niliyakumbuka tulipofika Gongoni, nikitazama vilima vyeupe vya chumvi, na nikakaribia kumwambia dereva anirudishe. Kutoka njia panda nikapata pikapu iliyokuwa inakwenda kuchukua mananasi, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nitaikuta redio hai.

Sista alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, anakunja bandeji karibu na dirisha.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimetoka duka la redio Malindi. Nimekuja kuifungua redio yako."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Bado."

Akaacha kukunja. "Leo asubuhi nimeongea na Malindi. Wamenisikia na nimewasikia. Sasa wewe mwanangu umekuja kutoka huko kote uniharibie kitu kinachofanya kazi?"

Nilijaribu kumweleza habari za dawa, utambi na maji ya kisima. Ulimi ulinitatizika, nikajisikia kama mganga anayemwambia mtu mzima wa afya kwamba ana ugonjwa ili apate wa kumtibu. Yeye alisikiliza, akatikisa kichwa, akarudi kwenye bandeji zake. Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningenifukuza.

"Dada yangu ni Kadzo," nikasema mwishowe.

"Kadzo wa nyumba za kule juu?"

"Ndiye huyo."

"Yule simpendi anavyovimba miguu," akasema, na maneno hayo hayakunisaidia kutulia hata kidogo. Akainuka, akachomoa waya wa betri, akaniwekea redio mbele yangu. "Saa kumi jioni Malindi huniita. Uwe umemaliza. Usipomaliza, utakaa hapa wewe uwe redio."

Nikafungua plagi. Kiungo cha Mutua kilikuwa kizuri sana kwa nje, niseme haki yake. Nikaivuta ngozi ya waya nyuma kidogo kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na ukijani wa majimaji, na nilipougusa tu, uzi mmoja ukakatika wenyewe, kisha wa pili. Nilimwonyesha sista. Akasogeza miwani.

"Na huu si umetengenezwa juzi tu?"

"Juzi tu, sista."

Mtu angetarajia nifurahi kwamba nilikuwa sahihi. Sikufurahi. Sasa nilikuwa nimeikata redio inayofanya kazi, na ikiwa sitaweza kuiunga tena basi aliyeiua ni mimi. Nikakata waya urefu wa ukucha, nikaumenya. Mweusi. Nikakata urefu wa kidole. Mweusi, na harufu ile ya kuchoma pua. Nikakata tena. Kila nikibana koleo sista alivuta pumzi nyuma yangu, mpaka nikamwomba akakae mbali. Waya wa maiki si kamba ya kisima, una mwisho, na mimi nilikuwa nauona mwisho wake unakuja. Nilikata kwa mara nyingine nikiwa nimefumba jicho moja. Nilipomenya, shaba ikatokea nyekundu, safi.

Ikabaki plagi yenyewe, ambayo vijiti vyake vilikuwa vimelowa dawa. Nikauliza kama kuna maji ya mvua. Kilikuwa kiangazi, mapipa yamekauka, maji yaliyokuwepo ni ya bwawa, rangi ya chai ya maziwa. Nikamweleza sista kwamba nahitaji maji yasiyo na chumvi wala udongo, maji matupu kabisa. Akafikiri, akafungua kabati la dawa, akatoa vichupa vya maji ya sindano.

"Haya si ya redio," akasema, huku anavunja shingo ya kichupa cha kwanza.

Niliyapasha moto kwenye kijiko, nikaisugua plagi, nikamwaga, nikasugua tena. Kisha nikaweka pasi kwenye jiko la makaa nje ya mlango. Pasi ya makaa ina taabu yake, hutoka na majivu, na majivu yakiingia kwenye kiungo ni uchafu mwingine. Kila nikiitoa niliifuta kwa kitambaa kibichi kwanza, na kila nikiifuta ilipoa kabla sijafika mezani. Nilikimbia kati ya jiko na meza kama mtu anayebeba uji wa mgonjwa. Mwishowe lehemu ikatanda kwenye shaba, nyembamba, imelala vizuri, na ulimbo ukatoa ule moshi wake mtamu.

Nilitaka kufungua spiriti hapo hapo. Nikamsikia Bi Rukia kichwani kana kwamba amesimama mlangoni, nikaliondoa jiko na kulipeleka nyuma ya nyumba, ndipo nikaifungua chupa. Nikasafisha mara ya kwanza, nikafuta, nikasafisha tena kwa spiriti nyingine, nikafuta. Nikaweka plagi juani. Sista alikuwa anaangalia saa ya ukutani, nami naangalia anavyoiangalia.

Saa kumi Malindi wakaita. Sista akanyanyua maiki, na hapo sote wawili tukaona nilichokifanya. Waya ulikuwa umefupika mpaka ikabidi ainame juu ya meza. Akabonyeza, akajibu, akaachia. Kukawa kimya. Kimya kile nakikumbuka kuliko kelele yoyote niliyowahi kuisikia kwenye kazi hii. Kisha sauti ya Malindi ikasema wamemsikia vizuri sana.

Sista akamaliza mazungumzo yake, akatazama waya, akatazama kitanda upande wa pili wa chumba. "Na mgonjwa wangu nimwachilie, ndiyo niongee?"

Tukashika kitanda huku na huku, tukakikokota mpaka kikagusa meza. Akajilaza pale mwenyewe, mahali pa mgonjwa, akanyoosha mkono, akaifikia maiki. Akasema itafaa. Wakati huo pikapu ya mananasi ikapiga honi barabarani. Nyumbani kwa Kadzo ni mwendo mfupi kutoka zahanati, na sikwenda. Ningelikosa gari.

Kwa Mutua nilirudi na vipande vya waya nilivyovikata. Nilivimwaga mezani, akakishika kimoja, akakikunja, kikavunjika kama kijiti cha ufagio. "Kwetu ungekaa miaka," akasema.

"Najua."

"Nilitaka sista aweze kumshika mgonjwa wake."

"Najua, Mutua. Ndiyo sababu sikasiriki."

Nilikuwa nimekasirika, lakini si sana. Baada ya hapo, akipata waya mweusi, alikuwa ananiita nije tuutazame pamoja. Bi Rukia aliporudi kutoka Lamu tulimsimulia yote, akauliza kitu kimoja tu: waya umebaki urefu gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaguna, akaingia ndani.

Mnadhani hapo nilitulia. Hofu ikahama tu, ikatoka kwenye kiungo cha Mutua ikaja kwenye changu. Je, nilifuta kabla spiriti haijakauka? Je, ule waya uliobaki haukuwa na dawa kidogo huko juu zaidi, nisikofika? Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa mteja wetu, na kila akipita nilimuuliza kama zahanati ya kule imeita. "Imeita jana," alikuwa akinijibu. "Redio yako inakusalimu." Mutua akacheka, mimi nikahesabu hiyo kuwa siku moja nimevuka.

Asubuhi moja dereva akasimama mlangoni bila utani. Nilikuwa na pasi mkononi. "Karisa," akasema, "sista wa kule ameita. Nimemleta dada yako, yuko hospitali." Sikumbuki kama niliizima pasi. Nadhani aliizima Mutua.

Sista alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, kitambaa cha kichwa kimelegea, gauni lina damu. Niliona damu nikashindwa kuuliza. Akaniuliza yeye kama nimekunywa chai. Kisha akasema, "Wazima. Wote wawili." Nikakaa karibu naye.

"Nilibonyeza mara moja tu," akaniambia baada ya muda. "Mkono mmoja kwenye maiki, mwingine tumboni kwake. Kile kitanda kilikaa mahali pake."

Mmeniuliza mara nyingi kama ule waya wa Mutua ungefika siku hiyo. Sijui. Huenda ungefika, nami nilijitaabisha bure na kutapanya maji ya sindano. Sitajua kamwe, na ninyi pia hamtajua, kwa bodi zenu nyingi mtakazoziosha. Ndiyo maana siwezi kuwaahidi kwamba hofu hii itawalipa. Nawaomba tu muwe nayo.

Kadzo alikuwa amelala karibu na dirisha la wodi, uso umemfifia, midomo imekauka, mtoto yuko pembeni yake amefungwa kwenye leso. Msichana. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikamsalimu.

"Sista ameniambia ulikuja zahanati," akasema.

"Nilikuja."

"Ukashinda pale mchana kutwa."

"Nilikuwa nasafisha waya."

"Hukupita hata kunisalimu."

Machozi yalikuwa yananijia, na ili asiyaone nikainama nikanyoosha mikono nimchukue mtoto. Kadzo akamvuta kwake.

"Na mikono hiyo?"

Niliitazama. Nilikuwa nimetoka mbio dukani, vidole vina ulimbo ulioganda, kucha zina weusi wa risasi ya lehemu. Mwisho wa wodi palikuwa na bomba na kipande cha sabuni. Nikanawa. Nikaitazama mikono kwenye mwanga, nikaona bado, nikanawa tena. Nikarudi mpaka katikati ya wodi, nikasita, nikageuka kwenda bombani mara nyingine, nikajisugua katikati ya vidole mpaka ngozi ikaniwasha.

"Karisa," dada yangu akaita kutoka kitandani, "imetakata. Njoo umshike."